Msaada wa Fizikia Uanze Nyumbani, Kabla ya Agosti

Mwezi wa nane unapokwisha, steji ya Kamukuywa, kati ya Webuye na Kitale, hujaa vijana wenye mabegi makubwa na magodoro yaliyofungwa kamba, wakisindikizwa na wazazi wao. Wanaoshika njia ya Webuye wanakwenda Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, au wanapitiliza hadi Masinde Muliro kule Kakamega. Wanaoshika njia ya Kitale wengi wataunganisha gari hadi Eldoret, na wengine watasonga mbele hadi Njoro, Juja au Nairobi. Kati yao wamo waliopangiwa uhandisi, wamo wa ualimu wa sayansi, na wamo waliopangiwa fizikia yenyewe. Hao watakutana na fizikia ya utangulizi katika mwaka wa kwanza, na wengi wao itawaumiza.

Simu huanza kuja nyumbani Oktoba au Novemba, CAT ya kwanza, yaani jaribio la katikati ya muhula, ikisharudishwa. Kijana aliyetoka na B+ ya fizikia katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, amepata 6 kwa 30. Lakini hasemi amepata 6. Anasema mhadhiri haeleweki, au anaomba pesa za vitabu, au hapigi kabisa. Makala haya nawaandikia wanaopokea simu hizo na wale ambao hawapigiwi: mzazi, dada mkubwa, mwalimu wake wa sekondari, jirani aliyesomea sayansi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayelala chumba cha pili. Mna uwezo mkubwa wa kumsaidia kuliko mnavyodhani.

Niseme msimamo wangu mapema. Kijana huyu hakosi akili, na mara nyingi hakosi bidii. Anakosa vitu viwili ambavyo hakuna aliyempa: hisabati ambayo zamani ilifundishwa Kidato cha 5 na 6, na mtu wa kufikiri naye kwa sauti. Vyote viwili vinapatikana hata Kamukuywa, na havihitaji kungoja mpaka maji yamfike shingoni.

Wazazi wengi hawajawahi kuelezwa habari ya Kidato cha 5 na 6, kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Katika mfumo wa zamani mtoto alisoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya Kidato cha 5 na 6, ndipo akaingia chuo kikuu kwa miaka 3. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ile miaka 2 ya katikati iliondolewa, na shahada ikaongezwa mwaka mmoja. Waliofanya KCSE ya kwanza mwaka 1989 waliingia chuo kikuu mwaka 1990, na tangu hapo mwanafunzi wa Kenya anatoka Kidato cha 4 na kuketi moja kwa moja katika ukumbi wa mihadhara. Mambo ambayo mwalimu wa Kidato cha 5 alikuwa na nafasi ya kuyafundisha polepole, akiyarudia na kusahihisha madaftari, sasa yanapita kwa kasi mbele ya mamia ya watu. Fizikia ya mwaka wa kwanza ni Kidato cha 5 kilichobanwa.

Ng'ambo ya mpaka hali ni tofauti. Ukivuka Lwakhakha au Malaba, Uganda bado ina Senior 5 na Senior 6, na Tanzania nayo bado ina Kidato cha 5 na 6. Kijana wa Mbale anapoketi Senior 5 akijifunza vekta na mwendo wa duara kwa miezi, mwenzake wa Bungoma anayapata mambo hayo hayo chuoni katika wiki chache. Hilo linatupa msaada ambao watu wa huku mpakani wangeutumia zaidi: vitabu na karatasi za mitihani ya zamani za Senior 5 na 6 za Uganda zinamfaa sana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kenya, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya hatua ile ile aliyorushwa. Mtu wa familia anayefanya biashara Mbale anaweza kuagizwa kitabu kimoja tu, na kikafaa kuliko shati jipya la kwendea chuo.

Sasa tuone anachokuja nacho. Fizikia ya KCSE ina karatasi 3. Ya tatu ni ya maabara, na zile mbili za nadharia zimegawana mada: mekanika na joto upande mmoja, umeme, mawimbi na fizikia ya kisasa upande mwingine. Mwanafunzi mzuri anajua kanuni 3 za mwendo kwa moyo, na anajua kuzitumia. Anasoma swali, anaorodhesha alichopewa, anachagua kanuni, anaingiza namba. Njia hiyo ilimpa B+. Kanuni zile, hata hivyo, zina sharti ambalo wengi hawakulitilia maanani: mchapuko, yaani kadiri kasi inavyobadilika kila sekunde, lazima uwe ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Chuoni swali la kwanza kabisa linaweza kuwa na mchapuko unaobadilika kadiri muda unavyokwenda. Mwanafunzi anaorodhesha, anachagua kanuni, anaingiza namba, anapata sufuri. Tena haoni amekosea wapi, kwa kuwa amefanya vile vile alivyofunzwa.

Dawa ya swali lile ni kalkulasi. Katika silabasi ya hisabati ya sekondari, mada za kalkulasi ziko mwisho kabisa wa Kidato cha 4. Shule iliyochelewa kumaliza silabasi huzifikia mtihani ukiwa mlangoni, ikazipitia haraka, au ikawaambia wanafunzi waziache kwani maswali yake ni machache na ya kuchagua yapo. Uamuzi huo unamwokoa mtoto Novemba na kumtia shimoni mwaka unaofuata.

Kisha kuna miezi ya katikati. KCSE inaisha Novemba. Chuo kinafunguliwa Agosti au Septemba. Hapo kuna karibu miezi 9, na katika miezi hiyo kijana wa Kamukuywa anaendesha boda boda, anapalilia mahindi, anauza katika duka la vifaa vya ujenzi, au anafundisha kama mwalimu wa muda katika shule ya msingi. Sina ugomvi na kazi hizo. Karo na nauli lazima zitoke mahali, na kazi inamkomaza mtu. Ninachosikitikia ni kwamba katika miezi yote hiyo hakuna anayemwambia afungue daftari la hisabati, maana kila mtu anaamini ameshamaliza kusoma na sasa anangoja chuo. Anapofika, hata kile kidogo cha Kidato cha 4 kimeshafutika.

Basi shauri langu la kwanza, na ndilo zito kuliko mengine yote: tumieni miezi hiyo. Saa moja kwa siku inatosha, asubuhi kabla ya shamba au jioni taa ikiwa imewashwa. Asisome fizikia mpya. Arudie hisabati, na arudie sehemu chache tu: vekta, trigonometria ya pembetatu, kubadilisha kanuni ili herufi inayotafutwa ibaki peke yake, kisha mteremko wa grafu na eneo lililo chini ya grafu. Hayo mawili ya mwisho ndiyo kalkulasi yenyewe kabla haijavikwa alama za kutisha.

Anaweza kuanza na boda boda anayoiendesha. Achore grafu ya kasi dhidi ya muda tangu pikipiki inapoondoka steji. Tuseme kasi inapanda kwa mstari ulionyooka kutoka 0 hadi mita 12 kwa sekunde, ndani ya sekunde 6. Mteremko wa mstari huo ni 12 gawanya kwa 6, yaani 2, na huo ndio mchapuko: kila sekunde kasi inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde. Eneo lililo chini ya mstari ni pembetatu, nusu ya 6 mara 12, yaani 36, na hizo ndizo mita alizosafiri. Mpaka hapa kanuni zake za zamani zingempa jibu lile lile. Sasa mwambie achore grafu ya kweli. Pikipiki haiongezi kasi kwa kiwango kimoja. Mwanzoni inaruka, halafu inazidi kuchoka kadiri upepo unavyoipinga, na grafu inapinda. Kanuni 3 hazimfai tena. Mteremko bado una maana, ila sasa inabidi autafute mahali pamoja pamoja kwenye mpindo. Eneo nalo bado lina maana, ila inabidi alikate vipande vyembamba avijumlishe. Kijana akilielewa hilo kwa penseli na karatasi ya miraba mwezi wa nne, mhadhiri atakapoandika alama za kalkulasi ubaoni mwezi wa tisa atakuwa anamwonyesha kitu anachokijua.

Hisabati peke yake haitoshi. Kuna jambo la pili, la ndani zaidi, ambalo hata wenye A wanalo: mawazo ya kila siku kuhusu mwendo na kani, ambayo yamekaa kichwani tangu utotoni na hayakung'olewa na mtihani wowote. Chukua gunia la mahindi la kilo 90 lililokaa juu ya lori linalotoka Kamukuywa kwenda Kitale. Lori linaondoka kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, na gunia halitelezi. Muulize mwanafunzi wako: ni kani gani inayolisukuma gunia mbele? Wengi watasema injini. Injini haijaligusa gunia. Wengine watasema hakuna kani, gunia linabebwa tu. Ukimwambia kwamba ni msuguano kati ya gunia na sakafu ya lori, na kwamba unaelekea mbele, atakataa kabisa, kwa kuwa shuleni alikariri kwamba msuguano hupinga mwendo.

Usimkatize. Hapo ndipo elimu inapoanza, na mtu anayetaka kumsaidia lazima awe na subira ya kukaa hapo. Muulize: sakafu ingekuwa imepakwa mafuta, gunia lingefanya nini lori linapoondoka? Atasema lingebaki nyuma, lingeteleza kuelekea mlango wa nyuma. Basi kinacholizuia lisibaki nyuma ni nini, na kinalisukuma upande gani? Ataliona mwenyewe. Msuguano hupinga nyuso mbili zisiteleze moja juu ya nyingine. Haupingi mwendo wa kitu kwa jumla. Kisha ahesabu: kilo 90 mara 2 ni nyutoni 180, na hiyo ndiyo kani ya msuguano inayohitajika. Dereva akifunga breki, msuguano huo huo unageuka kuelekea nyuma.

Gunia lile lile likiwa limekaa chini ghalani lina funzo jingine. Dunia inalivuta chini kwa karibu nyutoni 900, sakafu inalisukuma juu kwa nyutoni 900. Mwanafunzi atakuambia hizo ndizo kani za tendo na jibu katika sheria ya tatu ya Newton, kwa kuwa ziko sawa na zinaelekea pande kinyume. Sizo. Zote mbili zinatenda juu ya gunia, na jozi ya sheria ya tatu siku zote hutenda juu ya vitu viwili tofauti. Mwenza wa uzito wa gunia ni mvuto wa gunia kwa dunia. Mwenza wa msukumo wa sakafu ni msukumo wa gunia kwa sakafu. Mtu asiyeona tofauti hiyo ataandika milinganyo mibaya muhula mzima, hata kama kalkulasi yake ni safi.

Mambo haya yamechunguzwa. Mwaka 1992 David Hestenes wa Arizona na wenzake wawili walitoa jaribio la maswali yasiyokuwa na hesabu hata moja, maswali ya kani na mwendo tu. Wanafunzi waliokuwa wakikokotoa vizuri waliyakosa kwa wingi. Mmoja wa waliotumia maswali ya aina hiyo ni Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, na aliona wanafunzi wake mwenyewe, ambao ulimwengu unawahesabu kuwa hodari, wakitatizwa na maswali ya msingi. Kama hali ni hiyo Harvard, hakuna sababu ya kijana wa Kamukuywa kujiona mjinga peke yake duniani. Mwambieni hivyo. Hilo si la kumbembeleza, ni ukweli uliopimwa.

Mazur aliacha kuhutubu saa nzima. Anauliza swali, wanafunzi wanachagua jibu kimya, kisha kila mmoja anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wanachagua tena. Mwaka 1998 Richard Hake, wa Chuo Kikuu cha Indiana, alikusanya matokeo ya kozi 62 zilizokuwa na wanafunzi 6,542. Katika kozi za mhadhara wa kawaida, wanafunzi walipata wastani wa asilimia 23 tu ya kile walichokuwa bado hawakijui mwanzoni. Katika kozi ambazo wanafunzi walijadiliana na kujibu maswali darasani, wastani ulikuwa asilimia 48. Somo lilikuwa lile lile la mekanika. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja walikaa wakisikiliza, upande mwingine walisema walichofikiri na kusahihishwa papo hapo.

Kwa wahadhiri wa vyuo vyetu nina ombi dogo tu, kwa kuwa najua madarasa yenu yamefurika na maabara hazitoshi. Wiki ya kwanza, kabla ya kufundisha lolote, wapeni wanafunzi maswali 10 ya hisabati ya Kidato cha 4 na maswali 5 kama lile la gunia. Yasahihishwe na wanafunzi wa miaka ya mbele. Mtajua mapema nani anazama, badala ya kulijua hilo kwenye orodha ya sapu, yaani ya wanaorudia mitihani. Na katika kila mhadhara, swali moja la kujadili na jirani halihitaji kifaa chochote; mikono iliyonyooshwa inatosha.

Kwa wengine wote, wasio wahadhiri, somo la Hake ni hili: msaada wa kweli ni kumfanya kijana aseme. Ukimpa jibu umemnyima. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetaka kumsaidia wa mwaka wa kwanza asiandike suluhisho. Amwombe achore picha ya kitu kimoja tu, aonyeshe kila kani inayotenda juu yake, na kwa kila mshale ajibu: nani anasukuma au kuvuta, na anamsukuma nani? Mshale usio na mwenyewe unafutwa. Zoezi hilo moja, likifanywa kila jioni kwa mwezi, linaondoa makosa mengi ya mekanika ya mwaka wa kwanza. Lifanyike kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa lugha yoyote wanayofikiria kwayo, kisha liandikwe kwa Kiingereza cha mtihani. Kijana anayekwepa kueleza kwa lugha ya nyumbani mara nyingi anajificha nyuma ya maneno aliyoyakariri.

Hapo naingia kwenye habari ya makundi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliofika na alama nzuri, walikuwa wakianguka katika kalkulasi. Aliwafuata hadi wanakoishi ili aone wanavyosoma. Hakukuta uvivu wala ukosefu wa hamu. Alikuta watu wanaosoma peke yao, saa nyingi, bila kujua kama wako sawa au la. Wenzao wa asili ya Kichina walisoma peke yao kwanza, kisha walikutana, wakakaguana, wakaulizana maswali magumu. Treisman akaanzisha makundi ya kufanya kazi ngumu pamoja, si masomo ya kuwahurumia wanyonge, na matokeo yakabadilika.

Watoto wetu wana tabia ile ile ya upweke, na inatokana na kitu kizuri. Aliyekuwa wa kwanza katika shule ya kutwa ya kata hakuwa na wa kumuuliza, alijifunza kujitegemea. Chuoni kujitegemea huko kunageuka kuwa kifungo. Tena yapo makundi ya WhatsApp, ambayo wengi huyaita makundi ya masomo, lakini kazi yake ni kupitisha picha ya suluhisho la mtu mmoja ili wengine 80 wanakili. Kundi la kufaa ni la watu 3 au 4, linakutana ana kwa ana, kila mmoja ameshajaribu maswali peke yake, na hakuna anayeruhusiwa kuonyesha karatasi kabla hajaeleza kwa mdomo. Walimu wa sekondari za huku, Kamusinga, Lugulu, Chesamisi na nyinginezo, mnaweza kulifanya hili kabla hawajaondoka: waunganisheni wanaokwenda chuo kimoja na kozi moja, wafahamiane mara tu wanapopangiwa.

Kuuliza kunahitaji moyo, na moyo huo mara nyingi tunauvunja sisi wenyewe. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Kidato cha 3 katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, Erasto Mpemba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ungali moto kwenye friji, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alilibeba swali lake hadi Mkwawa, Iringa, na profesa Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba akasimama akauliza tena. Wenzake walicheka. Osborne alilijaribu katika maabara, na mwaka 1969 wote wawili wakalichapisha katika jarida la fizikia. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na limebeba jina la Mpemba duniani kote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeogopa kuchekwa katika ukumbi wa watu 300 anastahili kukijua kisa hiki. Mhadhiri ana saa zake za kuonana na wanafunzi ofisini, na mara nyingi hakuna anayebisha hodi. Mwambieni aende, na aende na karatasi aliyoijaribu, si mikono mitupu.

Sasa mzazi. Nataka kusema na mama anayeuza nyanya na mboga soko la Kamukuywa, ambaye hakufika hata Kidato cha 2 na anadhani hana la kusaidia. Mama, unalo. Mwanao alisindikizwa kwa harambee, kanisa lilichanga, chifu alihutubu, na kila mtu alisema atarudi injinia. Akianguka CAT anaona ameuangusha ukoo mzima, kwa hiyo anaficha. Anachohitaji kwako ni mlango wa kusema ukweli bila kuonywa. Usimwulize, "Masomo yanaendeleaje?" kwa sababu jibu lake ni moja tu, "Poa." Mwulize: "CAT ya fizikia imerudi? Umepata ngapi? Swali gani lilikushinda? Hebu nieleze lilikuwa linasema nini." Huhitaji kuelewa jibu. Akikueleza swali lililomshinda kwa Kiswahili cha kawaida, mara nyingi ataona mwenyewe alipokwama. Na usimkumbushe kwamba alikuwa namba moja. Analikumbuka kila usiku.

Mzazi pia ajue hesabu ya alama, ili asikate tamaa mapema wala kutulia mno. Vyuo vingi nchini hutoa alama 30 kwa CAT na 70 kwa mtihani wa mwisho, na alama ya kufaulu ni 40. Aliyepata 6 kwa 30 anahitaji 34 kwa 70, kama nusu ya karatasi. Ni kazi, lakini inafanyika akianza wiki hiyo hiyo. Aliyepata 18 anahitaji 22 tu. Kwa hiyo msaada unaokuja kabla ya CAT ya kwanza una thamani mara kadhaa kuliko ule unaokuja baada ya matokeo ya mwisho.

Njaa nayo inafelisha fizikia. Mkopo wa masomo wa HELB ukichelewa, kijana anayepanga chumba nje ya chuo anaanza kuruka mlo wa mchana, halafu anaruka mhadhara ili afanye kibarua. Gunia dogo la unga, maharagwe na lita moja ya mafuta yaliyotumwa kwa matatu kutoka nyumbani mwezi wa kumi ni msaada wa masomo kamili. Mtumie hata kama hajaomba.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kitabu cha OpenStax kiitwacho College Physics kinapatikana bure kabisa na mtu wa cyber anaweza kukiweka kwenye simu. Majaribio ya kuigiza ya PhET, yaliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, nayo ni bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Yanamfaa hasa kijana ambaye shule yake haikuwa na maabara ya maana.

Wapo pia wachache ambao tatizo lao ni kozi yenyewe. Walipangiwa kwa sababu ya pointi, hawakuitaka, na hata kalkulasi ikinyooka moyo hautakuwepo. Hao wasilazimishwe kwa ajili ya jina la injinia. Vyuo hutoa muda mfupi wa kuhama kozi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, na muda huo ukipita mlango unafungwa. Mzungumze nao wiki za kwanza, kwa utulivu, na mkubali uamuzi wao. Ila hakikisheni kwanza anayetaka kuhama hakimbii tu alama 6 ambazo angeweza kuzirekebisha.

Nimalizie kwa wazee wetu waliosoma Kidato cha 5 na 6 kabla mfumo haujabadilishwa. Mpo Kamukuywa, Kimilili, Kiminini na Kitale, wengi mmeshastaafu ualimu, ukaguzi wa shule au kazi za serikali. Baadhi yenu bado mna kile kitabu kinene cha fizikia cha Nelkon na Parker kabatini. Ninyi ndio kizazi cha mwisho katika nchi hii kilichofundishwa hatua ambayo vijana hawa wamerushwa. Mwezi wa nne ukifika, mtafuteni kijana mmoja wa kijijini kwenu anayetarajia kwenda kusomea sayansi. Mpeni kitabu hicho, na mpeni jioni mbili kwa wiki mpaka atakapopanda gari la kwenda chuo.